Orodha ya wahanga wa vita: njia ya dosye ichorwe kwanza, ordinatere ifuate

Chukua mfano wa mama mmoja wa Barumbu. Juni 2000 alikuwa anakaa Kisangani, komine ya Tshopo, pamoja na bwana yake na watoto wanne. Bomu likaanguka kwenye nyumba. Bwana akafa pale pale, mtoto wa pili akabaki na kilema cha mguu. Miaka zaidi ya 25 imepita. Siku moja anasikia kwa redio kwamba wahanga wa vita ya siku sita wanaandikishwa ili walipwe fidia. Anaamka saa kumi ya usiku, anatafuta pesa ya njia, anafika katikati ya mji kwa toleka, anapanga mstari. Saa sita ya mchana ndipo anafika mezani. Kijana mwenye ordinatere anamuuliza jina, anaandika, anatikisa kichwa.

"Mama, jina yenu haiko kwa liste. Murudie wiki ijayo."

"Nirudie kufanya nini?"

Kijana hana jibu. Si kwamba ana roho mbaya. Hakuna aliyemwambia ni nini kinafuata mtu akikosa jina.

Mama huyu ni mfano tu, lakini kila anayefuata habari za fidia hapa Tshopo anajua kwamba wenzake ni wengi. Watu wakitoka pale, wengine wanasema ordinatere imekosea. Wengine wanasema kijana wa mezani alikuwa anatafuta kitu mfukoni mwao. Yote mawili yanaweza kutokea. Lakini kuna jambo la tatu ambalo halizungumzwi sana: pengine kabla ya ordinatere kununuliwa, hakuna aliyekaa chini na karatasi na kalamu, akachora njia nzima ambayo mama huyu atapita, akajiuliza kila hatua: akikosa hiki, anaenda wapi?

Kazi hiyo ya kuchora ina wataalamu wake na ina majina yake. Inaonekana ndogo. Lakini katika jimbo hili ambako mamilioni ya dola yanategemea orodha, mchoro unaweza kuamua nani analipwa na nani anarudi nyumbani mikono mitupu.

Deni lililokatwa bila hesabu kamili

Kati ya tarehe 5 na 10 Juni 2000, jeshi la Uganda na jeshi la Rwanda yalipigana ndani ya mji wa Kisangani kwa silaha nzito, katikati ya raia. Ripoti ya Umoja wa Mataifa inayoitwa Mapping, iliyotolewa mwaka 2010, inasema raia waliouawa ni kati ya 244 na 760, waliojeruhiwa ni zaidi ya 1 000, na nyumba zaidi ya 400 zilibomolewa. Katedrali ya Notre-Dame, shule na hospitali nazo ziliguswa. Mashirika ya hapa mjini hutaja waliokufa zaidi ya 1 000.

Tazama vizuri hizo namba. Kati ya 244 na 760 kuna nafasi ya watu 516. Hao si namba tu: ni baba za watu, ni watoto, ambao hakuna karatasi moja inayokubaliwa na wote kwamba walikufa siku zile.

Upungufu huo wa karatasi ulifika hadi La Haye. Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilikuwa imeamua tarehe 19 Desemba 2005 kwamba Uganda ilivunja sheria kwa yale iliyoyafanya Kongo. Ikabaki hesabu ya fidia. Kongo iliomba zaidi ya dola bilioni 11, na ikasema raia waliokufa kutokana na vita hiyo, si Kisangani peke yake, ni 180 000. Tarehe 9 Februari 2022 Mahakama ikatoa uamuzi: ushahidi ulioletwa haukutosha kujua idadi kamili, na makadirio yake yenyewe yalikuwa watu kati ya 10 000 na 15 000. Kwa hiyo haikulipa mtu kwa mtu. Ilikata kiasi cha jumla: dola milioni 325. Milioni 225 ni kwa ajili ya madhara ya watu, milioni 40 kwa mali, milioni 60 kwa utajiri wa asili uliobebwa. Uganda ilipewa kulipa mara tano, milioni 65 kila mwaka, kuanzia Septemba 2022 hadi Septemba 2026.

Somo ni moja. Dosye ikitoka dhaifu mtaani, inafika dhaifu mbele ya mahakimu, na hata wakili hodari hawezi kuipa nguvu isiyokuwa nayo.

Ili kugawa pesa hizo, serikali ilikuwa imeanzisha tangu mwaka 2019 shirika la umma linaloitwa FRIVAO, lenye makao yake Kisangani, chini ya wizara ya sheria. Tangu lianze kazi, malalamiko hayajakauka: majina ya watu wasiohusika, majina ya wahanga wa kweli yaliyokosekana, kuchelewa, viongozi kubadilishwa. Septemba 2025 Mahakama ya Kasasioni ilimhukumu aliyekuwa waziri wa sheria, Constant Mutamba, miaka mitatu ya kazi ngumu kwa kesi ya dola milioni 19 zilizopangwa kujenga gereza hapa Kisangani. Na tangu sheria ya Desemba 2022 kuna mfuko mwingine, FONAREV, ambao nao unaandikisha wahanga wa ubakaji wa vitani na wahanga wa maovu mengine makubwa, Ituri, Kivu zote mbili na kwingineko. Mtu mmoja anaweza kabisa kuangukia kwenye madaftari mawili, au asiangukie kwenye lolote.

Kuchora ni kuuliza

Mara nyingi daftari la ordinatere linazaliwa hivi: ofisi fulani inaandika waraka wa kurasa nyingi kwa Kifaransa, kueleza inachotaka. Waraka unasainiwa Kinshasa. Fundi wa programu anapewa waraka, anajenga kile kilichoandikwa. Siku ya kufungua, mashine inafanya kazi vizuri, ila inafanya kazi ya waraka, si kazi ya mama wa Barumbu.

Wataalamu wa mifumo ya habari waligundua zamani kwamba maneno peke yake yanadanganya bila kukusudia. Ukiandika "mhanga atawasilisha uthibitisho", kila msomaji anatikisa kichwa kukubali, na kila mmoja anafikiria kitu tofauti. Mwanasheria anafikiria hati ya kifo. Mama anafikiria kovu la mguu wa mtoto wake. Fundi anafikiria kitufe cha kuweka picha ya karatasi. Wote wamekubaliana, na hakuna walichokubaliana.

Mchoro hauruhusu hilo. Ukichora kisanduku na kuandika "uthibitisho", mtu anauliza papo hapo: unatoka wapi? Mshale ule unaanzia kwa nani? Ndiyo maana kazi hii ina historia ndefu. Mwaka 1921 Frank na Lillian Gilbreth waliwaonyesha wahandisi wa Marekani namna ya kuchora hatua za kazi moja baada ya nyingine. Mwaka 1976 Peter Chen alieleza namna ya kuchora vitu vya kukumbukwa na uhusiano wao. Kufika mwaka 1997 mafundi wa programu walikuwa wamekubaliana alama za pamoja zinazoitwa UML, ili mchoro wa mmoja usomwe na mwingine.

Lakini mtu wa kartie hahitaji kujua alama hizo. Anahitaji karatasi kubwa ukutani na ruhusa ya kuweka kidole juu yake na kusema: "Hapa si kweli. Shefu wa kartie wetu wa wakati ule alishakufa. Nani atasaini?" Waraka wa kurasa nyingi haumruhusu kusema hivyo. Mchoro unamruhusu, hata kama hakumaliza shule ya msingi, mradi kuna mtu wa kusoma maneno machache kwa sauti, kwa Kiswahili au kwa Lingala.

Karatasi nne za ukutani

Karatasi ya kwanza inaonyesha nani yuko ndani na nani yuko nje. Katikati unachora duara moja: daftari la wahanga. Pembeni unaweka wote wanaolipa au kulilisha: mhanga, shefu wa kartie, hospitali, parokia na misikiti yenye daftari za mazishi, mahakama, banki, wizara. Kisha mishale. Kila mshale unaandikwa kinachobebwa. Kazi hiyo inachukua nusu saa tu, na mara nyingi inafunua jambo la aibu: kutoka kwa mhanga kuelekea kwenye daftari kuna mishale mingi, ya jina, picha, vidole, ushuhuda, namba ya simu. Kutoka kwenye daftari kurudi kwa mhanga, hakuna hata mmoja. Hakuna risiti, hakuna namba ya dosye, hakuna barua ya kusema umekubaliwa au umekataliwa na kwa nini. Mtu ametoa kila kitu, hajashika kitu.

Karatasi ya pili ni ya njia. Hatua moja, kisanduku kimoja. Penye swali unachora umbo la almasi lenye milango miwili: ndiyo na hapana. Je, ana karta ya uchaguzi? Je, alikuwa Kisangani Juni 2000? Je, ana shahidi? Ofisi huchora vizuri sana upande wa ndiyo: ndiyo, ndiyo, ndiyo, hadi banki. Upande wa hapana unaachwa ukining'inia hewani. Hapo ndipo mama wa Barumbu alipopotea. Kanuni ya mchoraji mzuri ni rahisi: kila hapana iwe na barabara. Asiye na karta aende kwa nani? Asiye na shahidi apewe muda gani? Aliyekataliwa alalamike kwa nani ambaye si yule yule aliyemkataa? Mshale wa hapana ukikosa pa kwenda kwenye karatasi, mtu atakosa pa kwenda mjini.

Swali hilo la karatasi si dogo katika nchi hii. Sensa ya mwisho ya watu ilifanywa mwaka 1984. Kwa wakaaji wengi karta ya uchaguzi ndiyo kitambulisho chenyewe, na yule aliyekuwa mtoto mwaka 2000 alipata karta miaka mingi baada ya vita, pengine akiwa anakaa mahali pengine kabisa. Vifo vingi havikuandikwa komine. Kwa hiyo hapana si jambo la watu wachache wazembe. Kwa wahanga wengi, hapana ndiyo njia ya kawaida.

Karatasi ya tatu ni ya vitu na uhusiano wao, ile aliyoifundisha Chen. Ni vitu gani daftari linapaswa kukumbuka? Mtu. Nyumba. Tukio. Hasara. Mrithi. Malipo. Halafu unauliza: mmoja kwa wangapi? Mtu mmoja anaweza kuwa na hasara tatu: amefiwa na bwana, mtoto ana kilema, nyumba imeanguka. Nyumba moja inaweza kuwa na mwenye nyumba aliyepoteza ukuta na wapangaji wawili waliopoteza vitanda na mashine ya kushona. Marehemu mmoja anaweza kuacha wake wawili na watoto saba, na wajomba wanaosema mali ni ya ukoo. Kama fundi hakuonyeshwa mchoro huu, atajenga meza yenye mstari mmoja kwa mtu mmoja na kiasi kimoja. Siku ya malipo mwanamke mmoja atalipwa kwa jina la bwana, na mwenzake atabaki mlangoni analia. Watu watasema ni wizi. Inawezekana ni wizi. Inawezekana pia ni kisanduku kilichosahaulika.

Karatasi ya nne ni fishi yenyewe, imechorwa kwa mkono kabla ya kuchapwa. Hapa unaona mambo madogo yanayoangusha makubwa. Fishi ina nafasi ngapi za jina? Mkongomani ana nomu, postnomu na prenomu. Wakati wa siasa ya autentisite ya mwaka 1972 watu waliacha majina ya ubatizo, baadaye wengi wakayarudia. Daftari la parokia la mwaka 1968 linaweza kusema jina moja, karta ya uchaguzi nyingine, na majirani wanamjua kama Mama wa fulani. Ordinatere inayotafuta herufi kwa herufi itasema huyu si yule. Na umri unaoandikwa ni wa leo, au ni wa siku ya bomu? Kwa yule aliyekuwa na miaka sita, tofauti hiyo ni maisha yote.

Wengine walipita wapi

Kazi ya kulipa wahanga wengi kwa orodha imeshafanywa duniani. Baada ya Irak kuvamia Kuwait, Umoja wa Mataifa ulianzisha mwaka 1991 Tume ya Fidia, makao yake Geneva. Ilipokea madai karibu milioni 2.7 na ikalipa dola bilioni 52.4, pesa zilizotoka kwenye petroli ya Irak. Ilimaliza kazi Februari 2022, mwezi ule ule wa uamuzi wa La Haye juu ya Kongo. Jambo la kujifunza si ukubwa wa pesa, ni mpango wa mwanzo. Kwanza madai yaligawanywa katika makundi: waliolazimika kukimbia, waliojeruhiwa vibaya au kufiwa, waliopoteza mali ndogo, waliopoteza mali kubwa, makampuni, serikali. Kila kundi lilipewa njia yake. Mtu maskini aliyekimbia hakuombwa ushahidi wa aina ile iliyoombwa kwa kampuni ya petroli. Alilipwa kiasi kilichowekwa tayari. Na kwa wale wasio na serikali ya kuwapelekea madai, kama Wapalestina, mashirika ya Umoja wa Mataifa yalipewa kazi ya kuyapeleka. Yaani hapana ilipewa barabara.

Kenya inatoa mfano wa upande mwingine. Mwaka 2019 serikali iliandikisha zaidi ya watu milioni 30 kwa Huduma Namba, vidole na picha. Watu wa jamii ya Wanubi na wengine ambao kwa miaka mingi walipata shida kupewa vitambulisho waliuliza: asiye na karatasi za mwanzo ataingia vipi? Januari 2020 Mahakama Kuu ilisema kazi isiendelee bila sheria inayolinda habari za watu. Oktoba 2021 ikasema tena kwamba kadi zilianza kutolewa bila kupima kwanza hatari kwa siri za watu, kama sheria inavyotaka. Mashine zilikuwepo na pesa zilishatumika. Yale maswali yalikuja nyuma ya mashine badala ya kuitangulia.

Na hapa kwetu Kongo kuna mfano unaotembea kila mwezi bila kelele: habari za afya. Muuguzi wa kituo cha afya anaandika kwenye rejista, anajumlisha mwisho wa mwezi, karatasi inaenda kwenye zone ya afya, na pale namba zinaingizwa kwenye programu inayoitwa DHIS2. Programu hiyo ilianzia Afrika ya Kusini miaka ya 1990, baada ya ubaguzi wa rangi kuanguka, wakati kila idara ilikuwa na fishi zake zisizofanana. Waanzilishi wake, pamoja na Chuo Kikuu cha Oslo, walianza kwa kukaa na wafanyakazi wa afya na kukubaliana orodha fupi ya mambo ya lazima kuhesabiwa. Programu ilikuja juu ya makubaliano hayo. Ina shida zake, umeme na intaneti vikikosekana karatasi zinalala. Lakini muuguzi wa Isangi na muuguzi wa Bafwasende wanajua karatasi yao inaenda wapi.

Mchoro nao unaweza kudanganya

Isidhaniwe kwamba kuchora ni dawa ya kila ugonjwa. Mchoro mzuri hauzuii mkono unaotaka kuiba. Kesi ya dola milioni 19 haikuwa kosa la kisanduku. Hata hivyo, kama njia ya pesa nayo imechorwa na kubandikwa, kutoka akaunti ya serikali hadi mkononi mwa mhanga, pamoja na jina la cheo kinachosaini kila hatua, mwenye kuichepusha analazimika kuichepusha mbele ya macho ya watu.

Hatari ya pili ni nani alikuwa chumbani wakati wa kuchora. Wakialikwa mafundi, mwanasheria na wakubwa wa ofisi peke yao, karatasi itakuwa safi na mama wa Barumbu hatakuwemo. Waliokaa mbali na mji, wenye kilema, wajane, waliokuwa watoto, wale wasiosema Kifaransa, hao ndio wanaojua mahali njia inapokatika. Na wakialikwa, waulizwe mapema, si siku ya kusainiwa.

Hatari ya tatu ni nzito zaidi. Watu wengi wanadai orodha ibandikwe ukutani ili wahanga bandia wajulikane. Dai hilo ni la haki. Lakini kati ya wahanga kuna wanawake na wanaume waliobakwa, ambao pengine hata nyumbani hawakusema. Jina lao likibandikwa pamoja na sababu, vita imerudi kwao mara ya pili. Mchoro mzuri unaonyesha macho pia: nani anaona jina, nani anaona sababu, nani anaona kiasi. Orodha ya wazi inaweza kuwa na njia yake, na dosye ya siri njia yake, na mlango kati ya hizo mbili uwe na mlinzi anayejulikana. Bila kuchora, ofisi inaangukia kwenye moja ya makosa mawili: kuficha yote au kutangaza yote.

Na mwisho, mchoro una umri. Ofisi ikibadilisha viongozi, njia inabadilika kimya kimya. Karatasi isiyo na tarehe wala saini ni kama karta ya mtu mwingine.

Maswali ya kupeleka kwenye biro

Mashirika ya kiraia, kamati za wahanga na wakaaji wa kawaida hawahitaji kusubiri fundi kutoka Kinshasa. Karatasi na kalamu za kuchorea zinapatikana sokoni. Kamati ya kartie inaweza kuchora yenyewe njia ambayo watu wake wamepita kweli, pamoja na kila mahali walipoambiwa warudi, na kuipeleka kwenye ofisi. Ni vigumu kwa mkubwa kujibu malalamiko mia moja yaliyosemwa kwa hasira. Ni vigumu zaidi kwake kukwepa karatasi moja yenye mshale uliokatika, hasa watu hamsini wakiwa wameweka kidole mahali pamoja.

Maswali ya kuuliza ni machache. Njia ya dosye imechorwa, na imebandikwa wapi? Kila hapana inaelekea kwa nani? Mhanga anaondoka na nini mkononi siku ya kuandikishwa? Marehemu mmoja mwenye warithi wengi anaandikwa vipi? FRIVAO na FONAREV wakiwa na mtu mmoja, nani anajua? Nani anaona siri? Ikiwa ofisi tayari ina mchoro, itapungukiwa nini kwa kuuonyesha? Na kama haina, bado muda upo. Uganda ikilipa kwa ratiba, sehemu ya mwisho ni ya Septemba 2026, lakini kugawa pesa hakuishi siku pesa inapofika. Na baada ya fidia hii kutakuwa na madaftari mengine: sensa ambayo nchi inaisubiri tangu 1984, kitambulisho cha taifa, hati za kuzaliwa za watoto ambao sheria inataka waandikishwe ndani ya siku 90.

Kisha mama wa Barumbu atarudi mezani. Pengine jina lake bado halitakuwa kwenye orodha. Lakini kijana wa ordinatere, akiwa na karatasi ukutani nyuma yake, atageuka na kuonyesha kwa kidole: "Mama, haiko. Basi munapita hapa. Muchukue namba hii, muende meza ya tatu na jirani mumoja aliyewajua wakati ile. Jibu litatoka kwa siku 30. Wakikataa, mulalamike pale."

Hapo bado hajalipwa hata franka moja. Lakini anajua anakoenda.